Nani Kakuambia? Njiapanda ya Mwandiga na Habari Zisizo na Mwenyewe

Ukitoka Kigoma mjini, Mwandiga ndipo njia zinapoachana. Moja inaelekea kaskazini, inapanda milima ya Kalinzi mpaka Manyovu na mpaka wa Burundi. Nyingine inaishika Kidahwe, kwa wale wa Kasulu na wale wa Uvinza. Habari nazo hupita hapo hapo. Dereva aliyeshuka na ndizi, mama wa mawese, kijana wa bodaboda anayesubiri gari la jioni, kila mmoja ana lake la kusimulia, na kila mmoja huulizwa swali lile lile kabla hajamaliza sentensi ya kwanza: nani kakuambia?

Novemba 2023 swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Philip Mpango, wakati huo Makamu wa Rais, ni mtu wa Buhigwe, na kwenda kwao unapita njia hii ya Manyovu. Kwa zaidi ya mwezi hakuonekana hadharani. Mitandaoni walijaa watu wasio na majina waliodai kuwa na habari za ndani: mahututi, amepelekwa nje, amekwisha fariki. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasema Makamu wa Rais yuko nje ya nchi kwa majukumu ya kazi. Desemba 10 Mpango akaonekana ibadani Dodoma, mzima, akasimama mbele ya waumini kueleza kwamba alikuwa safarini kikazi.

Mtu wa mbali angedhani hapo mjadala ulikwisha: wazushi wameumbuka, serikali imesema kweli. Haukwisha, kwa sababu waliomsikia Majaliwa 2023 ndio waliomsikia Majaliwa 2021.

Mwaka huo, Rais John Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27. Machi 10 gazeti moja la Kenya liliandika, likinukuu vyanzo vya kisiasa na vya kidiplomasia visivyotajwa, kwamba kiongozi mmoja wa Afrika amelazwa Nairobi. Mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, akiwa Ubelgiji, akauliza waziwazi Rais yuko wapi. Machi 12 Waziri Mkuu, akiwa Njombe, akawaambia wananchi kwamba Rais yupo, ni mzima, anachapa kazi. Polisi wakawakamata watu kwa kueneza uvumi. Machi 17 usiku, Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais ziarani Tanga, akalitangazia taifa kifo cha Rais kwa maradhi ya moyo katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Tangazo lenyewe likaeleza kwamba alilazwa mara ya kwanza Machi 6 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akatoka kesho yake, akarudishwa hospitali Machi 14.

Tuzipime habari hizo taratibu, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa maelezo rasmi ya baadaye, vyanzo visivyo na majina vilikosea mahali: haikuwa Nairobi, ilikuwa Dar es Salaam. Lakini vilipatia lile lililokuwa kubwa kuliko yote, kwamba mkuu wa nchi ni mgonjwa na nchi haijaambiwa. Na kauli yenye jina, cheo na kipaza sauti ndiyo iliyowaacha watu gizani. Kwa hiyo mtu wa Mwandiga aliyekataa kuamini Desemba 2023 hakuwa mjinga wala mchochezi. Alikuwa na kumbukumbu. Ila safari hii kumbukumbu hiyo ilimpotosha, na ndiyo hasara ninayotaka tuitazame: dokezo la siri na kanusho rasmi vyote vimeshuka thamani, na raia amebaki hana cha kushika.

Huwa tunalieleza tatizo hili kwa wepesi: watu hawaamini habari kwa sababu hazina jina la msemaji. Siamini hivyo. Kigoma nzima inaishi kwa habari zisizo na jina. Mvuvi anaahirisha safari kwa sababu kuna aliyesikia kwamba upepo umechafuka huko kaskazini. Mwenye duka anapandisha au kushusha bei ya mafuta kwa neno lililokuja na lori. Redio mbao inafanya kazi yake kila siku na wala haidharauliwi, kwa kuwa msikilizaji anaweza kuikagua. Anamjua aliyemwambia, anajua huyo naye huambiwa na nani, anajua yupi huongeza chumvi na yupi huwa na haraka. Jina la yule wa mwisho kwenye mnyororo anaweza asilijue, ila mnyororo wenyewe anauona. Gazeti linapoandika “chanzo chetu cha kuaminika kimeeleza” linaficha jina, na pamoja na jina linaficha mnyororo wote. Linadai imani ambayo jirani yako mwenyewe hathubutu kudai.

Ujiji, mji wa zamani wa Kiislamu, elimu ya kupima habari ya aina hii ina karne nyingi. Wanafunzi wa hadithi hufundishwa kuitazama sanadi kwanza: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Mpokezi asiyejulikana akiingia katikati, hadithi hudhoofika. Na hapa pana jambo ambalo waandishi wa siasa na wasomaji wao wote wangelihitaji: hadithi dhaifu siyo sawa na hadithi ya kuzuliwa. Dhaifu maana yake haijasimama kwa miguu yake; iwekwe kando, itafutiwe njia nyingine ya kuitia nguvu. Ya kuzuliwa ni uongo. Katika siasa zetu ngazi hizo zimeanguka zote, tukabaki na mbili tu, kweli na uzushi, na anayeamua kipi ni kipi mara nyingi ni yule yule anayesemwa.

Mji huo huo una kisa kingine cha kutosha kuuvunja uchawi wa jina. Mwishoni mwa 1866 Musa, kiongozi wa wapagazi wa Nzwani waliomtoroka David Livingstone, alifika Zanzibar na habari kwamba Mzungu huyo ameuawa na wapiganaji wa Mazitu. Alikuwa shahidi mwenye jina, aliyedai kuona kwa macho yake, na wakubwa wakamsadiki. Mwaka uliofuata Edward Young alitumwa kuongoza msafara wa kumtafuta, akafuatilia nyayo mpaka upande wa Ziwa Nyasa, akakuta kwamba Livingstone alipita huko akiwa hai na kwamba kisa cha Musa kilitungwa kuficha utoro. Miaka minne baadaye Henry Stanley, akiikaribia Ujiji baada ya kuvuka Malagarasi, alikutana na msafara wa Waguha, watu asiowajua hata kwa sura. Wakamwambia kuna Mzungu amefika Ujiji. Stanley hakuwauliza majina. Kwa maelezo yake, aliwauliza yule mtu ana umri gani, amevaaje, katokea upande gani, na je, bado yupo. Majibu yakashikana: mzee, ndevu nyeupe, katokea Manyema. Yakawa kweli. Yule mwenye jina alidanganya, na wale wasio na majina walisema walichokiona, kwa sababu aliyewauliza alijua kuuliza.

Kwa nini basi mtu wa kwetu anaomba jina lake lihifadhiwe? Viongozi hupenda kusema ni woga wa mwongo. Kigoma tunalo jibu jingine, na ningependa lisikike Dodoma na Dar es Salaam: ni uraia. Mkoa huu unapakana na Burundi nchi kavu na unatazamana na Kongo majini. Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Ukoo mmoja una watu pande zote za mpaka. Kwa miaka wabunge wa mkoa huu wamelalamika kwamba watu wao husumbuliwa kuthibitisha kuwa ni Watanzania. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini mtu aliyeona mradi wa maji ukiliwa hataki kuonekana gazetini. Anachokiogopa zaidi siyo kuulizwa kama aliyosema ni kweli. Anaogopa kuulizwa babu yake alizikwa wapi.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji aliyeongoza gazeti la Rai, si raia, baada ya miaka mingi ya kulitumikia taifa hili, ubunge ukiwemo. Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake, na maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalikuwa kwamba uraia wake unachunguzwa. Baadaye mashtaka yakageuka kuwa ya uhujumu uchumi na kukwepa kodi, naye akakaa rumande mpaka Februari 2020. Kabendera alikuwa akiandikia majarida ya nje, likiwemo The Economist, ambalo kwa desturi yake halichapi majina ya waandishi wake. Kama wanahabari wa kiwango hicho wanaweza kuulizwa uraia, mkulima wa kahawa wa Kalinzi afanye nini?

Sheria nazo haziko upande wake. Tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ila kinga yake inamwelekea anayepeleka taarifa kwa mamlaka. Anayempelekea mwandishi amesimama nje ya mlango. Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kwa sheria hiyo Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums aliandamwa mahakamani kwa miaka kwa kukataa kutoa taarifa za watu waliokuwa wakifichua mambo wakitumia majina ya bandia. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi, akatozwa faini ya shilingi milioni 3. Ikafuata Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2019 iliona baadhi ya vifungu vyake vinakiuka mkataba wa jumuiya. Magazeti ya MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalifungiwa au kunyang'anywa leseni nyakati mbalimbali, yakarudishiwa Februari 2022. Na mwandishi Azory Gwanda, aliyeandika kuhusu mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 21, 2017. Serikali ikijenga mazingira ambamo kutaja jina ni hatari, haina haki ya kusimama kesho yake na kusema: habari hii haina jina, kwa hiyo ni uongo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwatwika wakubwa lawama zote. Lakini wanahabari tuna deni letu, na ni kubwa.

Chukua msimu wa mkeka, yaani orodha ya uteuzi. Kabla ya Rais kupanga upya baraza lake, kurasa za mbele hujaa “vyanzo vya ndani” vinavyomtaja nani anatoka na nani anaingia. Wengi wa watoa habari hao hawana cha kuogopa. Ni wakubwa wanaopima upepo, au wapambe wanaomsogeza mtu wao karibu na jicho la mteuzi. Mkeka ukitoka tofauti, hakuna gazeti linalorudi kumwambia msomaji: tulikosea, na aliyetukosesha alikuwa na maslahi. Kificho kilichokusudiwa kumkinga mnyonge kimekuwa mwavuli wa mwenye nguvu. Hapo ndipo msomaji alipovunjika moyo, na ninampa haki yake.

Mwandiga, ambako ni nyumbani kwa mwanasiasa Zitto Kabwe, waliuonja uchungu huo kwa karibu mwaka 2013. Kwanza ulisambaa waraka wa tuhuma nzito dhidi yake ndani ya CHADEMA, usio na mwandishi wa kusimama nao, akaukana. Kisha ukaibuka mwingine, wa mkakati wa kubadili uongozi wa chama, ambamo wahusika walitajwa kwa alama badala ya majina. Novemba 22 mwaka huo akavuliwa nyadhifa zake pamoja na Dk. Kitila Mkumbo. Kwa wiki kadhaa magazeti yalichapa vipande vya nyaraka hizo bila kumweleza msomaji zimewafikiaje, zimetoka mkononi mwa nani, na aliyezitoa anavuna nini. Watu wa huku walimpenda au walimchukia Zitto kama walivyokuwa kabla; kilichobadilika ni jinsi walivyolitazama gazeti.

Linganisha na alivyofanya Zitto mwenyewe Agosti 2007. Alisimama bungeni kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, akasema kwa kinywa chake kwamba waziri aliusaini London. Hakuna aliyehitaji kujua nani alimnong'oneza, kwa sababu mkataba upo au haupo, ulisainiwa London au haukusainiwa. Bunge lilimsimamisha mpaka Januari 2008. Kabla adhabu haijaisha Rais Kikwete akamteua katika kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini. Mwaka 2014 David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, akalikomalia suala la fedha za Escrow ya Tegeta, naye akatukanwa kwa hilo. Ukaguzi na ripoti ya kamati ya Bunge vikaja kulipa sura, na Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili wakaondoka madarakani. Katika visa vyote viwili kulikuwa na mtu fulani asiyejulikana aliyefungua kabati. Umma haukumdai ajitokeze, kwa sababu aliutangulizia karatasi, na mtu mwenye jina alikubali kubeba hatari mahali pake.

Ng'ambo ya milima hii, Bujumbura, imani ilishikiliwa kwa njia nyingine. Januari 2015 redio RPA ilirusha sauti ya mtu aliyejieleza kuwa alishiriki mauaji ya watawa watatu wa Kiitalia yaliyotokea Kamenge Septemba 2014. Mkurugenzi wake, Bob Rugurika, akatakiwa kumtoa mtu huyo, akakataa, akafungwa. Alipoachiwa mwezi Februari watu walifurika barabarani kumpokea. Umati ule haukumjua msemaji wa redioni. Uliijua redio: ilikuwa na miaka ya kurudi kwenye habari zake, kuzifuatilia, kukaa na watu wa mitaani. Mwezi Mei, baada ya jaribio la mapinduzi, vituo huru vikashambuliwa, na wiki zile zile maelfu ya Warundi wakavuka kuingia Kagunga, wengi wakihamishwa kwa meli ya Liemba kuletwa Kigoma. Wakimbizi hao walikuja na habari ambazo hakuna redio iliyobaki ya kuzipima.

Hata Marekani, ambako mtoa habari wa siri aliyesaidia kumng'oa Rais Nixon alikuja kujulikana mwaka 2005 kuwa ni Mark Felt wa FBI, mbinu hiyo hiyo iliwapeleka wasomaji vitani Irak kwa habari za silaha ambazo hazikuwepo. Mei 2004 New York Times liliwaandikia wasomaji wake kukiri kwamba halikuwa kali vya kutosha kwa vyanzo vyake. Lilichelewa, ila lilirudi, na kurudi huko ndiko ninakokudai kwetu.

Nimewahi kuandika habari ya barua iliyofichwa katika ofisi moja. Niliandika kwamba aliyenieleza aliiona barua yenyewe na kuisoma, lakini hakuwepo kwenye kikao kilichoizaa, na kwamba alikuwa na ugomvi wake na mkubwa mmoja. Ilipochapwa, maneno yote hayo yalikuwa yamefutwa. Yamebaki “chanzo chetu cha uhakika”. Mhariri aliona anasafisha habari. Aliondoa kila kitu ambacho kingemsaidia msomaji kuipima.

Ni kweli kwamba mahali padogo pana ugumu wake. Ukiandika “mtumishi wa ofisi ya kata” Mwandiga, umeshamtaja, maana wako wachache na kila mtu anawajua. Ndiyo maana nasema tufiche mahali anapoketi na tuonyeshe njia aliyojulia. Aliona au aliambiwa? Aliona karatasi au tukio? Wako wangapi, na je, wanajuana? Kwa nini anaogopa? Anapata nini habari hii ikitoka? Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jina. Lakini yanahitaji muda na nauli, na mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyochapwa, asiye na mkataba, anayetegemea bahasha ya mwenye mkutano, hawezi kukaa siku nne kijijini kwa habari moja.

Pengo hilo tuliliona mwaka 2018. Oktoba 28 mwaka huo Zitto alisema mbele ya waandishi wa habari Dar es Salaam kwamba amepata taarifa za watu zaidi ya 100 kuuawa katika mapambano ya polisi na wafugaji huko Mpeta, wilayani Uvinza. Polisi walikanusha hesabu hiyo, wakikiri kwamba kulikuwa na mapambano na watu walikufa, askari wakiwemo. Zitto akashitakiwa kwa uchochezi. Mei 29, 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotoa maneno ya kichochezi kwa mwaka mmoja. Shauri lilihusu maneno yake. Waliompa taarifa hawakuwahi kujulikana, na kwa mazingira yale sioni nani angewadai wajitokeze.

Wakati ule, kwenye benchi za njiapanda, niliwasikia watu wakigawanyika kwa vyama vyao: huyu anasema mia, yule anasema hakuna. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa dagaa aliyezoea kwenda Nguruka kwa treni, aliwakatiza. Akataka kujua katika hao mia, aliyehesabu aliona wangapi kwa macho yake na aliambiwa wangapi. Alikuwa upande gani wa mto. Wenye ng'ombe waliorudi walikuwa wangapi, na familia zipi zinasubiri mtu ambaye hajarudi. Alimtazama kijana aliyeshika gazeti, akamwomba amsomee kama hayo yameandikwa. Kijana akapitisha macho ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akarudi tena wa kwanza.

“Hayamo, mzee.”